Mnara wa Shemeji

Shemeji yangu mchongaji alijenga mnara wa kengele wa mabati katikati ya ukumbi wa maonyesho, sanamu ambayo mtazamaji anaingia ndani yake. Kengele zilijaa juu mpaka chini, na hakuna hata moja iliyokuwa na ulimi.

"Mtu aingie, asikilize ukimya," alitutangazia, kama vile ukimya kauvumbua yeye.

Siku ya ufunguzi akaingia wa kwanza, akajifungia. Punde tukasikia ngumi zikitwanga bati. "Fungueni! Komeo limekwama! Nakosa pumzi!"

Wageni wakafumba macho. "Jamani, inagusa," akanong'ona mama mmoja mwenye miwani, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mdogo wangu, mkewe, akanishika mkono. "Dada, mume wangu anakufa mle!"

"Mwache kidogo," nikamjibu. "Si anasikiliza ukimya?"

Hakunisubiri. Aliwapangua wageni, akaupiga mlango teke hadi ukafunguka. Shemeji akatoka ameloa jasho. Aliposikia makofi, akamsogeza mkewe pembeni, akainama.

"Asanteni. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya pili."

Mdogo wangu akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.