Mia na Kumi na Tatu Mara Mbili

Kifuniko cha tangi kilipogonga, nilidhani ni kishindo kingine cha karakana ya jirani, ambako mashine za kusaga chuma huunguruma tangu asubuhi. Wifi yangu ndiye aliyeinua uso. Tulikuwa chini kabisa ya tangi hilo la maji, la mviringo kama mpira, tukifagia vumbi kwenye chuma ambacho bado hakijapakwa rangi. Juu yetu lilikuwapo jukwaa la mbao lililokatiza tangi katikati, na juu ya jukwaa nusu ya tangi tuliyokwisha kuipaka iling'aa kwa weupe. Duara la mwanga lililokuwa kileleni halikuwapo tena.

"Wifi," alisema, "mbona kumekuwa usiku?"

Tulipanda ngazi ya chuma, yeye mbele, mimi nyuma na taa ya betri. Alisukuma kifuniko kwa kichwa, kisha kwa mabega. Kilikuwa kimekazwa kwa bolti kutoka nje. Tulipiga kelele, na sauti zetu zikazunguka ukutani zikaturudia usoni, kubwa kuliko tulivyozitoa. Nje mashine zilikuwa zikisaga. Nilijua hakuna anayetusikia.

Sababu haikuwa ya ajabu. Msimamizi alikuwa amewaagiza walinzi kwamba ndoo za rangi zikishatoka zote tupu, kazi imekwisha. Wafunge kifuniko, na asubuhi wafungulie maji. Agizo hilo alilitoa kabla hatujajua kwamba duka lingeleta nusu tu ya ndoo tulizohitaji. Aliondoka kwenda kuzifuata zilizobaki, wala hakukumbuka kulitengua. Mlinzi wa mchana alizivuta ndoo tupu kwa kamba, akazipanga chini, akampisha mlinzi wa jioni. Huyu wa jioni alipochungulia, aliona weupe na mbao za jukwaa. Sisi tulikuwa chini ya mbao.

"Simu?" aliuliza wifi.

"Ziko kabatini. Si ndiyo sheria?"

"Sheria itakunywa maji kesho."

Tuliketi katikati ya jukwaa tukisikia harufu ya rangi. Hata tundu la hewa tulikuwa tumeliziba kwa plastiki sisi wenyewe, ili vumbi lisiishike rangi mbichi. Lilikuwa nje, karibu na kifuniko, na mkono haukulifikia. Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, mtu wa mizaha, lakini sasa alikuwa ameshika goti langu kama anayeshika ukingo wa kisima.

"Kaka yako yuko safarini," alisema. "Na kwako wewe, hawatashtuka mapema. Si leo unakwenda shule kukaa kwenye viti vya watoto?"

Ni kweli. Siku za darasa la watu wazima mimi hupita darasani nikitoka kazini, na watoto wangu wamezoea kupakua chakula bila mimi. Tulikuwa tumekwisha kuvuka kusoma na kuandika; sasa mwalimu alikuwa anatufundisha hesabu za maumbo.

"Hewa itatutosha?" aliuliza.

Nilichukua chaki tuliyotumia kuweka alama, nikamulika ubao wa jukwaa. Nusukipenyo cha tangi nilikijua: mita tatu, kwa kuwa ndicho nilichokipeleka darasani wiki iliyopita, mwalimu alipotutaka kila mmoja alete tufe lake. Wengine walileta mpira, wengine chungwa. Mimi nilileta tangi kwa maneno.

Niliandika: nne kugawa kwa tatu, mara pai, mara tatu kwa tatu kwa tatu. Jibu likatoka mia na kumi na tatu.

Wifi aliinama. "Ngoja. Hiyo si ile namba ya rangi? Ulinisumbua nayo wiki nzima. Mita mia na kumi na tatu za kupaka."

"Ndiyo."

"Basi umenakili. Nakuuliza hewa, unanipa rangi."

Hata darasani ilikuwa hivyo hivyo. Nilitafuta eneo la uso wa tangi, nikapata mia na kumi na tatu. Nilitafuta ujazo, nikapata mia na kumi na tatu. Fundi cherehani anayeketi dawati moja nami alicheka mpaka akafuta machozi: "Mwenzetu ana namba moja tu, anaivalisha nguo mbili." Darasa zima likacheka, na tangu hapo waliniita Mia na Kumi na Tatu. Kengele ililia kabla mwalimu hajafika kwangu, nami nikafuta jibu la pili kwa aibu. Leo ndipo nilipotakiwa kulirudisha.

Sasa jibu hilo lilikuwa pumzi zetu. Ikiwa nimekosea, sikujua tumefungiwa na hewa kiasi gani. Nilipiga hesabu upya. Ikatoka ile ile. Nilipiga mara ya tatu, vidole vikiteleza kwenye chaki kwa jasho, nikahisi kwamba namba nayo imefungwa humu ndani na haina pa kutokea.

"Acha, wifi," alisema kwa upole ulionitisha zaidi. "Ukae tu."

Nilimulika ukuta mweupe. Vipande vya rangi vilionekana mraba kwa mraba, kama tulivyovipaka. Nikakumbuka mwalimu alivyokata chungwa: kila kipande kina ganda upande wa nje na ncha upande wa katikati.

"Tazama kile kiraka," nilimwambia. "Kivute kutoka ukutani mpaka hapa tulipoketi. Kinakuwaje?"

"Kama hema lililolala."

"Hema lenye ncha. Ujazo wake ni kitako mara urefu, kisha unagawa kwa tatu. Urefu kutoka ukutani mpaka hapa ni ngapi?"

"Si umesema tatu."

"Tatu ukigawa kwa tatu?"

Alinitazama. "Moja."

"Basi kila mita ya ukuta inashika mita moja ya hewa. Lingekuwa tangi dogo, au kubwa zaidi, namba zingeachana. Hili ni la mita tatu. Sikunakili."

Aliutazama ukuta, pengine akivuta viraka kimoja kimoja mpaka magotini pake.

"Haya. Na mtu mmoja anavuta ngapi kwa saa?"

"Hapo hatujafika."

Alicheka kidogo, na kicheko kikazunguka tangi zima kikamrudia, akakoma. Mwalimu alitueleza pia kwamba katika maumbo yote, tufe ndilo linaloshika nafasi kubwa zaidi kwa ngozi ndogo zaidi. Darasani nililipenda jambo hilo. Humu ndani nilizungusha taa nikitafuta kona ya kuegemea, nikaona kwamba ukuta uko mbali nami sawasawa kila upande.

Tulipanda kugonga kifuniko kwa zamu kwa mpini wa ufagio mpaka mpini ukapasuka. Taa ilianza kuwa ya manjano, tukaizima ili tubakishe. Gizani wifi alinishika mkono. Niliwaza maji ya asubuhi: yangepanda upesi kule chini palipo pembamba, yangetambaa yakifika kwenye jukwaa, kisha yangeharakisha tena. Hilo sikumwambia.

Mashine za karakana zilinyamaza. Mara tukasikia viatu juu ya vichwa vyetu, kisha bolti zikilia. Mwanga wa tochi ukashuka, na uso wa mlinzi ukaujaza mdomo wa tangi.

"Kumbe mpo," alisema.

"Tulikuwa tunakusubiri utualike chai," wifi alijibu, na sauti yake ikapasuka katikati.

Tuliposhuka, chini kwenye miguu ya tangi alisimama fundi cherehani, mkoba wa vitambaa begani. Hakupanda, anaogopa hata kupanda kiti. Aliponiona alinikumbatia kwa nguvu, kisha akanisukuma anitazame.

"Umekosa darasa, nikasema huyu hana kawaida hiyo. Nikaja hadi getini. Baba huyu ananiambia mmekwisha kuondoka, kazi imekwisha, ndoo zile pale. Nahesabu, naona sita. Nikamwambia, baba, darasani tuliambiwa ndoo moja inapaka mita kumi. Na mwenzangu huyu tunamwita Mia na Kumi na Tatu. Hiyo inaingiaje kwenye ndoo sita? Hawajamaliza hawa. Na kama hawajamaliza, wako wapi?"

"Nilimwambia mahesabu si kazi ya ulinzi," mlinzi alisema akitazama viatu vyake. "Akasema atapanda mwenyewe."

"Nilidanganya," alisema fundi cherehani.

Nusu ya chini ilikuwa bado inangoja rangi. Msimamizi alipoleta ndoo zilizobaki, nilishuka tena, kwa kuwa kazi ni yangu na watoto wanakula. Wifi alikataa kushuka. Aliazima spana, akakifungua kifuniko mpaka kikaachana na bawaba zake, akamwamuru mlinzi akiteremshe chini kwa kamba. Kila nilipoinua uso kutoka kwenye brashi, niliona duara la mbingu, na nikasikia sauti yake kutoka mbali ikimwambia mtu kwamba hapana, haondoki hapo, amekalia kifuniko.