Kona ya Hamsini

Mimi si mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikitafuta viatu. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchora alama kwenye mabamba ya chuma, kazi inayotaka mkono usiotetemeka na kichwa kisichozurura! Aliyenitafutia ni baba mdogo, mpiga tupa wa karakana, ambaye watu walimbatiza jina Taratibu, na aliitika bila kinyongo.

Kona ya mviringo tunaichora hivi. Unasoma mchoro, unafungua bikari kwa kipimo kilichoandikwa, tuseme milimita thelathini. Kwa upana huohuo unapima kutoka ukingo huu na ukingo ule, unapata kitovu, unakigonga, unazungusha. Kisha unagonga nukta ndogondogo juu ya mstari. Mpiga tupa anakula chuma mpaka nukta zibaki nusu. Nusu zikionekana, hana kesi; mstari ameufuata. Kwetu hiyo ni sheria.

Ubaya wake ni kwamba ukifungua bikari vibaya, kona inatoka nzuri vilevile. Haina kigongo, haina pembe ya kukustua. Unaitazama na unaipenda.

Wiki ile tulikuwa na kifuniko cha sanduku la mashine ya kusaga, na bamba lilikuwa la mwisho la chuma kisichoshika kutu. Kona moja hamsini, tatu thelathini. Nilikichora roho ikiwa juu juu, maana msimamizi alikuwa ameniambia meza ya mchoraji mkuu iko wazi na jina langu linatajwa. Siku hiyo nilichora huku nikijiona nimeshakaa pale, nakosoa kazi za wenzangu. Kesho yake asubuhi msimamizi akaniita.

"Njoo uone maajabu," alisema.

Kifuniko kilikaa vizuri juu ya sanduku, isipokuwa kona moja iliyoacha mwanya wa kupitisha penseli.

"Mzee wako kala chuma chote hapa. Si nilimwambia mwezi uliopita? Akiharibu tena, anaenda nyumbani. Ngoja nikalete mchoro."

Akatoka. Nikapima ile kona: hamsini. Ilitakiwa thelathini, na mviringo mkubwa hula chuma zaidi. Nilikuwa nimemaliza kona ya kwanza, nikageuza bamba, nikaendelea na ya pili bila kufunga bikari, nikaja kuifunga kwenye ya tatu bila kuikumbuka ile. Na pale ukingoni zilikuwepo nusu nukta saba, safi kabisa, zikisema kwamba baba mdogo alifuata nilichokichora mimi.

Nilizunguka meza mara mbili. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Tupa ilikuwa imelala palepale, na kufuta nukta saba si kazi. Nilijiambia nasawazisha tu. Uongo mtupu, sijui nilikuwa namdanganya nani na chumba kizima kilikuwa kitupu. Niliogopa, na meza ile niliitaka kufa. Nilipiga tupa haraka haraka nikisikiliza hatua za korido, na nilipoiacha, nukta hazikuwepo tena.

Msimamizi alirudi na mchoro. Baba mdogo alikuwa nyuma yake, anafuta mikono kwa tambara.

"Hebu niambie, mzee. Nukta ziko wapi?"

Baba mdogo aliinama. Akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu zake zilezile, mpaka nikatamani kupiga kelele. Halafu akaninyanyulia macho. Nilijua kwamba amejua.

"Mkono umepitiliza, bosi," akasema.

"Mimi nilikuonya."

"Ulinionya, kweli. Sina la kusema."

"Haya, vua aproni, tukutane ofisini." Kisha akanigeukia mimi, sauti imelainika. "Na wewe kusanya vyombo vyako. Utahamia meza kuu."

Nikasema asante. Neno lilitoka lenyewe, na hadi leo nikilikumbuka nainuka nilipokaa.

Msimamizi alipotoka nilianza, "Baba mdogo, mimi..."

"Nyamaza. Mimi nimebakiza mwaka mmoja hapa. Wewe una watoto." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, laiti angenipiga kofi. Alifungua kamba ya aproni, akaikunja vizuri kana kwamba ataivaa kesho. "Lakini nisikilize. Mimi natumia mkono wa kushoto, kila mtu humu anajua. Mikwaruzo ya tupa yangu inalalia huku." Akaonyesha kona nyingine. "Hii hapa inalalia kule. Atakapotulia ataiona. Ipitishie msasa kabla hajarudi."

Akaelekea ofisini, mgongo wima.

Nilibaki na kifuniko. Mlango wa ofisi ulikuwa hatua kumi tu, na haukufungwa. Nilimsikia akikohoa, nilimsikia msimamizi akivuta kiti. Maneno ya kusema yalikuwa mawili, "ni mimi", mtoto mdogo anayaweza. Miguu yangu, ambayo haijawahi kukaa mahali pamoja tangu nizaliwe, iligoma.

Nikachukua msasa. Niliusugua ukingo ule kutoka mwanzo hadi mwisho, nikauinua kwenye mwanga, nikaurudia palipobaki alama, kwa uangalifu ambao sikuwa nao nilipokuwa nachora.