Taya Lililouma Mswaki

Baada ya chai ya saa nne, Daktari Kalondu aliweka taya la plastiki juu ya meza ya darasa la sita, katika shule moja karibu na Tseikuru. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi, meno meupe pe. Farhiya hakulipenda tangu mwanzo.

Alikuwa na sababu. Yeye ndiye aliyeongoza shairi la shule, lakini Mwalimu Musyimi alikuwa ametangaza kwamba kwenye tamasha la mashairi wachafu wa meno watasimama nyuma. Meno ya Farhiya yalikuwa ya kahawia.

"Tungoje daktari aseme," mwalimu alimwambia. "Akisema ni uchafu, nafasi yako napatia Kaveke."

Daktari akauliza nani alipiga mswaki asubuhi. Farhiya akainua kijiti chake, ncha imetafunwa ikawa nyuzi.

"Hiyo si mswaki," mwalimu akasema. "Hiyo ni kijiti."

"Ni mswaki, mwalimu. Hata mti wenyewe unaitwa mswaki. Mimi napiga kabla ya kila sala. Wewe unapiga mara ngapi?"

Kumwuliza mwalimu hivyo ni kujitafutia makubwa. Farhiya alijua, na hakujali hata chembe.

Daktari akakohoa, akaingiza brashi ndani ya taya, akasema alichotumwa kusema: "Meno ya kahawia yanaletwa na uvivu wa kupiga mswaki."

Taya likajifunga lenyewe, likaing'ang'ania brashi.

"Imeuma," Kaveke akasema, akaendelea kuchonga penseli.

"Huwa inafanya hivyo," daktari akasema. "Hata kule Kathonzweni iliuma. Nikahamia ubaya wa peremende, ikaachilia."

Akaeleza jinsi peremende zinavyotoboa meno. Taya halikuachilia. Mwalimu alivuta brashi mpaka meza ikasogea, huku wanafunzi wakimshauri avute kwa upande.

"Si useme tu ukweli, daktari," Farhiya akasema. "Mbona sisi tuliokua tukinywa maji ya kisima cha hapa wote meno ni kahawia, na Kaveke aliyehamia juzi yake ni meupe?"

Daktari Kalondu alitazama mlangoni kwanza. Kisha akaketi.

"Ni maji," akasema. "Kisima chenu kina floraidi nyingi mno. Inaharibu jino likiwa bado ndani ya ufizi, kabla halijaota. Hakuna mswaki unafika huko. Ofisini kwetu, pale afya, wanajua. Ndio wakanituma na brashi."

Taya likaachilia. Meno yake yote yalikuwa yamegeuka kahawia. Daktari akalipangusa, akalirudisha kwenye begi.

Siku ya tamasha Farhiya alisimama mbele, akapanua kinywa kwa makusudi, majaji waone hadi magego.

Muhula uliofuata ofisi ilileta katoni nyingine za brashi. Kisima hakikuguswa. Farhiya aliporudi nyumbani alimkuta mama yake akimnywesha mdogo wake, Mowlid.

"Hiyo maji inaharibu meno, mama."

"Najua. Basi leta ingine."

Mowlid, ambaye hakuwa ameota hata jino moja, akanywa, akapanua mdomo aongezewe.