Wageni Waliobaki Dukani kwa Arlys

Jumanne moja ya mwezi Machi, Verna Lindahl aliingia katika duka la vitambaa la Arlys Tollefson, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, akavua buti zake zenye theluji na kutafuta mahali pa kuziweka. Mkeka wa mlangoni ulikuwa umejaa. Buti za wageni wa tovuti zilianzia kizingitini, zikapita chini ya meza ya kukatia na kuishia karibu na majora ya pamba. Verna aliziweka zake juu ya za mtu mwingine, akaomba radhi kwa sauti ya chini, kisha akapenya katikati ya wageni wenyewe, waliokuwa wamesimama kwa utulivu kati ya rafu. Walikuwa hafifu kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na kila mmoja alikuwa ameshika kitambaa alichokitazama mwisho katika tovuti ya duka. Kila aliyeifungua tovuti aliacha mfano wake dukani, nao ulibaki humo hadi taarifa zake zifutwe.

Kazi ya Verna ilikuwa kuwasaidia wenye tovuti kufuata sheria ya jimbo inayolinda taarifa za wateja. Wiki iliyotangulia alikuwa kwa muuza chambo cha samaki, ambaye wageni wake, kwa kukosa nafasi, walisimama nje juu ya barafu ya ziwa.

"Kahawa?" Arlys aliuliza.

"Hapana, usijisumbue."

"Kidogo tu."

"Nimekunywa nyumbani."

"Imeshaiva, Verna."

"Basi nusu kikombe."

Arlys alikijaza hadi ukingoni. Katika sehemu zile hakuna aliyekubali kitu mara ya kwanza wala ya pili. Kukubali mapema kulihesabiwa kuwa ulafi, na kutokaribisha mara ya tatu kulihesabiwa kuwa uchoyo.

Verna alifungua tovuti ya duka kwenye kompyuta yake. Kisanduku kilijitokeza kikimwomba ruhusa ya kuhifadhi taarifa zake. Alikataa. Kisanduku kiliondoka, kikarudi. Alikataa tena. Kilirudi mara ya tatu, kwa maneno yale yale na kwa upole ule ule.

"Nani aliyekipanga hivi?"

"Mimi," alisema Arlys. "Ningewauliza mara moja tu wangenionaje?"

"Sheria inasema aliyekataa amekataa."

"Imetungwa wapi hiyo?"

"Saint Paul, makao makuu ya jimbo."

"Ndiyo maana," alisema Arlys, akampa kipande cha keki ya limau.

Verna alikuwa bado anakirekebisha kisanduku wakati Britta Niemi alipoingia. Britta alikuwa mteja wa miaka mingi, mshonaji wa blanketi za viraka, naye alikuwa akimwandikia Arlys tangu mwaka mpya juu ya jambo moja. Alivua buti, akakosa pa kuziweka, akabaki amezishika mkononi.

"Barabara inapitika?" aliuliza Arlys.

"Imewahi kuwa mbaya zaidi, Bi Tollefson."

Wote watatu walijizuia kutazama kiti kilichokuwa kando ya majora ya flaneli. Hapo alikaa Britta mwingine, mikono juu ya tumbo. Mwezi Oktoba Britta alinunua flaneli yenye picha za bata wadogo kupitia tovuti. Tovuti ilielewa maana ya bata wale, ikaanza kuhesabu miezi. Mwezi Novemba mimba iliharibika. Hakuna aliyeiarifu tovuti, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kuiarifu, na Britta wa dukani aliendelea na ujauzito wake kama kawaida. Sasa alikuwa katika mwezi wa saba na miguu ilikuwa imemvimba. Nyumbani kwa Britta zilifika nepi za majaribio na makopo ya maziwa, pamoja na kadi za pongezi. Mume wake, Eino, alikuwa na desturi mpya ya kumsubiri mleta barua huko barabarani.

"Naomba aondoke," alisema Britta. "Sina ubaya naye. Ila aondoke kabla siku zake hazijatimia. Hiyo siku sitaki kuiona ikija kwa mtu mwingine."

"Ni haki yako," alisema Verna. "Lakini lazima kwanza tuthibitishe kwamba wewe ndiye yeye."

Britta alitoa leseni ya udereva. Alitaja anwani, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa. Kwa kila jibu, Britta wa dukani alizidi kukolea. Leseni ilimpa macho ya kijivu na kovu la kidevuni. Tarehe ya kuzaliwa ilimpa mikunjo kando ya macho. Walipomaliza, kilichowatofautisha kilikuwa tumbo.

Verna alibonyeza kitufe cha kufuta. Britta wa dukani aliinuka kwa uzito, akijishika kiuno, na kuirudisha flaneli mahali pake. Arlys, ambaye hakuweza kumwacha mjamzito ainame, alipiga magoti akamvalisha buti, akamfungia keki ya njiani. Mwanamke yule alikataa keki mara mbili.

"Anakwenda wapi?" aliuliza Britta, akimtazama dirishani akiishia barabarani.

Verna alitazama kompyuta. Kampuni moja ilikuwa ikimhesabia Arlys wageni wake bure, nayo kwa hisani hiyo ilichukua nakala ya kila mmoja. Nakala zilikuwa zimeshauzwa kwa wengine, na hao kwa wengine.

"Hapa dukani amefutwa," alisema Verna. "Kampuni nitaiandikia."

"Nayo itataka kujua kama mimi ni mimi?"

"Itataka."

"Basi safari hii atapata hadi sauti yangu," alisema Britta, akavaa buti zake.

Verna aliiandikia kampuni. Ilijibu kwamba faragha ya kila mteja ilikuwa tunu kwake, ikaomba sahihi ya Britta na picha yake. Katika taarifa yake Verna aliandika kwamba duka la Arlys lilikuwa linafuata sheria, na hilo lilikuwa kweli.

Mwezi Juni alikutana na Britta katika supamaketi kubwa ya mji wa Duluth, karibu na friji za maziwa. Mbele yao, Britta mwingine alikuwa akisukuma kigari cha mtoto.

"Amejifungua," alisema Britta.

"Lini?"

"Siku ile ile aliyonitajia mimi daktari. Msichana."

"Amefanana na nani?"

"Baba mkwe, maskini."

Mwanamke mwenye kigari aligeuka, akawatambua. Alimtoa mtoto, aliyefungwa katika flaneli yenye bata, akamnyooshea Britta.

"Hapana, asante," alisema Britta. "Usijisumbue."

Alimnyooshea tena.

"Mikono yangu ina baridi," alisema Britta.

Mwanamke alimnyooshea mara ya tatu. Britta alimpa Verna kikapu, akafuta mikono kwenye sketi yake, akampokea mtoto. Ndani ya mkoba wake simu ilitetemeka, ikaomba ruhusa ya kuhifadhi uzito wa mtoto.