Nyumba Iliyonyimwa Moshi

Jumatano, tarehe 11 Machi 1970, saa tisa na robo alasiri, mvua ilikatika ghafla juu ya Bujumbura, na mvuke ukaanza kupanda kutoka mlima wa Kinanira kana kwamba ardhi inapumua. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa nyumba ya mfano niliyoichora mwenyewe, mimi mhandisi wake. Mlinzi wangu, Shaabani, alikataa kuingia.

"Ingénieur, mi siingii. Kuko mutu mule ndani anatafuna."

"Hakuna mtu. Ni dumuzi, wadudu wanaobungua matete makavu."

"Dumuzi gani anakohoa?"

Nilimkemea, nikaingia peke yangu. Mapadre wa shule ya bweni walitulea tusiogope giza wala uvumi, nami sijawahi kuwaaibisha. Lakini nilisikia. Ndani ya dari ya matete niliyoipaka chokaa, kitu kilisaga polepole, kikanyamaza, kikakohoa kikohozi kifupi, kikavu, kikaanza tena. Unga wa matete ulikuwa umeanguka sakafuni, vilima vidogo vitatu. Nilivifagia asubuhi, na jana, na juzi. Kila mara vilirudi palepale, katikati ya nyumba, kama mahali pa mafiga.

Sikuhitaji kuambiwa kikohozi kile kilikuwa cha nani.

Muzee Birindwa, aliyekuwa akikohoa vivyo hivyo, alikuwa mjenzi wa nyumba za majani kutoka Bushi, huko Kongo, aliyekimbilia mtaa wetu wa Nyakabiga wakati wa vita vya kwao. Kwa miezi saba alinifundisha yote niliyokuwa nikiyatafuta kwa ajili ya vijiji vipya vya serikali: kupinda matete yangali mabichi, kuyafunga kwa kamba za migomba, kulaza majani ili maji yateleze. Hakutaka mshahara. Alitaka jambo moja: nyumba itakapokamilika, awashe yeye moto wa kwanza ndani yake, kwa kaa la kutoka mekoni kwake. Ndivyo alivyozikabidhi nyumba zake zote. Nilimpa neno langu.

Kisha nikachora nyumba isiyo na meko. Nilitaka weupe, usafi, jiko la nje. Alipoiona michoro alicheka.

"Nyumba ya majani ni muzee kama mi, inaishi kwa kuvuta moshi. Ukiinyima, wadudu wataikula. Ao utainunulia koti?"

"Tutawasha, Muzee. Wakaguzi wakishapita."

Wakaguzi waliahirisha mara mbili. Mwezi wa Januari Muzee Birindwa akafa. Sasa walikuwa wanakuja Jumamosi, kuamua kama nyumba mia mbili zitajengwa kwa njia hii au kwa matofali ya saruji na mabati.

"Enda kwake, uombe ule moto," Shaabani alisema kutoka nje. "Anakudai, huyo."

Kesho yake asubuhi nilikwenda Nyakabiga. Geneviève, binti wa marehemu, alikuwa akianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye mkeka uani. Nilimweleza shida yangu bila kuzunguka.

"Moto ya papa tulizima siku alikufa," alisema. "Kwetu ni vile. Mwenye nyumba akilala, meko inalala naye. Hii unaona ni moto ya bwana yangu."

"Basi nipe huo."

"Hii moto haikudai; ni ya papa inakudai."

Alinyoosha kidole chenye magamba ya samaki kuelekea jalada la ripoti nililolibana kwapani. "Mu rapport yako, uliandika nini juu ya moto?"

Sisemi uongo. Nilimsomea, nikitafsiri kutoka Kifaransa: moshi ndani ya makazi ni kosa la wenyeji, ambalo mbunifu amelisahihisha.

"Amelisahihisha," alirudia, akawainamia samaki wake. Nyuma ya ukuta mtu alikohoa. Nilichungulia, palikuwa na pipa la maji tu.

"Na Jumamosi, siku ya posho, utawasomea wale wakubwa ile?"

Nilifunga jalada, nikaondoka.

Jumamosi, kabla ya saa tatu, Shaabani alikuwa amekwisha koroga ndoo ya chokaa ili tuzibe matundu. Kazi ya nusu saa, na hakuna mkaguzi ambaye angeona kitu. Nyumba mia mbili zingebeba jina langu. Zingesimama mwaka mmoja, pengine miwili, kisha zingewaangukia watu.

"Imwage," nilimwambia.

"Yote, Ingénieur? Chokaa ya bure kweli?"

"Yote."

Wakaguzi walikuwa watatu. Niliwaambia kwamba nyumba inaliwa. Kwamba Birindwa alinionya, nami nikaweka weupe wa dari mbele ya maarifa yake. Kwamba kosa lilikuwa langu, wala si la wenyeji. Mkubwa wao aligonga dari kwa ncha ya mwavuli. Unga ukammwagikia begani.

"Unajua kwamba umejihukumu mwenyewe?" aliniuliza.

"Najua."

Walichagua mabati papo hapo, wakiwa bado wamesimama. Muda wote niliokuwa nikisema, dari ilikuwa kimya. Gari lao lilipoteremka mlima, kusaga kukaanza tena.

Alasiri hiyo nilirudi Nyakabiga.

"Nimesema yote mbele yao," nilimwambia Geneviève. "Jina la baba yako liko juu ya michoro, langu chini yake."

"Ni muzuri. Wale wakubwa ulikuwa na deni yao ya ukweli. Umewalipa."

"Na Muzee?"

"Papa alitaka kuwasha moto. Hakuwasha."

"Niambie nitoe nini. Sijawahi kubaki na deni la mtu."

Alinitazama bila hasira. Ndani ya nyumba yake kikohozi kilipita, kifupi, kikavu, na safari hii niliona kwamba naye amekisikia.

"Apana, Papa Ingénieur," alisema. "Deni ni ya papa, na meko yake imelala. Sipokei kitu."