Taa ya Kushoto ya Gari la Sensenig

Shemeji yangu Harvey hakuwa mtu wa kubisha hodi. Siku ile natoka bandani kwa kuku, mayai kwenye aproni, nakuta mlango wa ghala uko wazi, naye yumo ndani na bwana mmoja wa mjini mwenye tai. Wanalizunguka gari la Eli kama wanunuzi wa ng'ombe.

Eli ni marehemu mume wangu. Gari lilitengenezwa na babu yao yeye na Harvey, mzee Sensenig, hapa hapa kijijini, kwenye karakana yake ya mikokoteni, mwaka 1909. Alitengeneza machache, yote kwa mkono, mpaka viwanda vikubwa vikamfunika. Mengine yaliyeyushwa wakati wa vita, limebaki hili tu. Mbao za magurudumu zilipooza, Eli alichonga mpya mwenyewe kwa mti wa shambani kwetu. Tangu nimzike, kila Jumamosi nalizungusha hendeli likaamka. Likikohoa, ni kama namsikia Eli akiligombeza.

Ni jeusi lote. Kanisa letu liliporuhusu magari, askofu alisema endesheni, lakini msijionyeshe. Basi kila kinachong'aa tukakipaka rangi nyeusi, bampa, taa, kila kitu. Mzee Sensenig alipaka hata rejeta yenye jina lake. Watu wa mjini hutuita Bampa Nyeusi. Na watuite.

"Lavina," Harvey akasema, "huyu Bwana Trexler, wa jumba la magari ya kale. Jumatatu anakuja na trela."

"Kufanya nini?"

"Kulichukua. Gari ni la ukoo, si la mjane."

"Eli aliniachia mimi."

"Eli alikuachia kuku."

Bwana Trexler alicheka. Alipoona mimi sicheki, akakohoa. "Mama, chini ya hii lami yenu kuna shaba. Tukiisugua, watu watatoka Philadelphia kuja kuitazama."

"Ndiyo maana ilipakwa," nikamjibu.

Mgeni alipotangulia nje, Harvey alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku mdomoni mwake.

"Sikiliza, shemeji. Ukiling'ang'ania, Jumapili nasimama kwenye Kikao cha Amani nasema sina amani na wewe. Tuone utakula mkate gani."

Alijua pa kunichoma. Kwetu Meza ya Bwana haiandaliwi hivi hivi. Kabla yake kuna Kikao, na kila mtu husema mbele ya wazee kama ana amani na Mungu na jirani zake. Asiye nayo hukaa kwenye benchi, mkate ukampita; na aliyelalamikiwa naye hupitwa mpaka atengeneze kosa lake. Mimi tangu nibatizwe sijawahi kupitwa, hata majira yale niliyomzika Eli.

"Unanitishia kwa mwili wa Bwana, Harvey?"

"Nakukumbusha tu."

Jumamosi nilipokwenda kuliwasha ndipo nikaona taa ya kushoto. Ilikuwa imesuguliwa kwa msasa, nusu nzima njano kama kiini cha yai. Harvey alitaka kumwonjesha mgeni wake shaba. Nilichukua kopo la rangi na brashi. Nikasimama. Kisha nikavirudisha rafuni.

Jumapili nikaliendesha mwenyewe hadi nyumba ya ibada, nikaliegesha katikati ya magari meusi ya wenzangu. Pasingekuwa na wa kugeuza shingo, lakini jua lilikuwa limetoka, na ile taa ikawaka.

"Wee Lavina!" jirani yangu Ada akaita. "Gari lako limefumbua jicho!"

"Muulize Harvey aliyelifumbua."

Shemasi Titus aliinama, akaigusa ile taa kwa kidole gumba. Akatuita wote wawili mbele ya wazee wa Kikao.

"Nani kasugua?"

"Huyu mwanamke kalileta makusudi anidhalilishe!" Harvey akafoka.

"Ndugu Harvey, sikuuliza nani kalileta."

Harvey akatazama viatu vyake. "Nilikuwa namwonyesha mtu. Wa jumba la maonyesho."

"Ili jina la babu yako ling'ae mbele ya wakata tiketi." Shemasi hakupandisha sauti. "Gari linarudi ghalani kwa Dada Lavina, na hapo litabaki. Taa utaipaka wewe, kwa mkono wako. Haya, una amani naye?"

"Ninayo," Harvey akasema upesi, kama mtu anayemeza dawa.

"Nawe, Dada?"

Nilimtazama Harvey. Alikuwa ameanza kutabasamu. Ananijua. Alijua siwezi kusema uongo mahali pale.

"Sina," nikasema.

"Dada, mkate..."

"Najua, Shemasi. Na unipite."

Jumatatu trela ilikuja, ikaondoka tupu. Harvey alikuja na kopo la rangi, na safari hii alibisha hodi. Nilisimama mlangoni mwa ghala, mikono ndani ya aproni, nikamwangalia mpaka njano yote ikazama.

"Umeridhika?" akaniuliza bila kugeuka.

"Umeacha hapo ukingoni."

Akachovya brashi tena.

Siku ya Meza nilikaa mahali pangu pale pale, sikujificha nyuma. Askofu alifika kwangu, akasita, akapita. Ng'ambo, upande wa wanaume, Harvey aliinyoosha mikono yake kupokea. Kwenye kucha rangi ilikuwa bado haijatoka.