Mguu Kwenye Breki

...pampu, Kipara ananiambia kutoka chini ya gari, nami napampu, mguu kwenye breki, shika, nashika, pedali inazama taratibu maana huko chini amefungua nati na hewa inatoka pamoja na mafuta ya breki, akishaifunga ananiambia achia, naachia, na hayo ndiyo mazungumzo yetu tangu asubuhi, mtu tumemzika mama yake juzijuzi tu na leo amelala chali kwenye sakafu ya gereji kama hakuna lililotokea, na mke wangu jana kanibana, umemuuliza anaendeleaje? nikamwambia yuko sawa, akaniangalia, kakwambia mwenyewe au umeamua wewe? wanawake bwana, wao wakikutana tu wameshamwagiana yote, sisi hata tulianzaje... tulianza kwa ngumi, mimi na Kipara, tungali watoto wa darasa la pili, tukigombania nani awe golikipa, mashati yakachanika, mama yake wala hakuuliza nani kaanza, alituvua yote mawili akatukalisha kizingitini vifua wazi, kaeni hapo mpaka nimalize kushona, na alishona polepole makusudi yule mama, sasa ndiyo naelewa, makusudi kabisa, tukanuniana weee, mwisho Kipara akavuta redio mbovu iliyokuwa nyuma ya mlango akaanza kuifungua, akaninyooshea kifuniko bila kuniangalia, nikakipokea, basi, urafiki ukawa huo, mmoja anafungua mwingine anashika... pampu! napampu, nimesikia... hatujawahi kukaa tukaulizana la moyoni, harusi yangu alikuja akabeba viti, mwanangu alipolazwa alikuja akakaa kimya, akatengeneza kitasa kibovu cha wodi, na nilipata nguvu, kweli nilipata nguvu, lakini hili la mama kitasa hakilitoshi, naogopa, atajifungia nalo peke yake mpaka limle...

"Wewe! Mbona umeachia?"

Lo, nimeachia nati ikiwa wazi, hewa imerudi yote, kazi ya asubuhi nzima bure, kosa la mwanagenzi hili, haya, ngoja nitukanwe, lakini hatukani, anauliza tu, "Mawazo yako wapi?" na mimi, "Kwa mama," limetoka lenyewe, spana imegonga sakafu, nimeharibu, bora ningenyamaza... "Jana nilimpigia simu," anasema, "nimetoka kazini, nikampigia, nimesahau," viatu vyake, ndivyo pekee ninavyoviona kupitia mlango wa gari ulio wazi, vimetulia, "Ikaita?" "Ikaita," na mke wangu angejua la kusema hapo, mimi sijui, pampu, anasema, napampu, shika, nashika, huu ndio mlango wenyewe, ukifungwa haufunguki tena, namjua, kwa hiyo nauliza, "Ungemwambia nini?" nati haifunguliwi, mguu unaanza kutetemeka na siuondoi, hata nikifa ganzi siuondoi, na huko chini, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, anaanza kuniambia.